Kiraka cha Kijani

4 Februari

Kwako Kifungo, mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa chini ya hilo dirisha kubwa unalolisifia kila mara, mpaka nalijua kuliko madirisha ya humu ndani. Sisi tupo. Mama anakula vizuri, analala vibaya, na macho ndiyo hivyo tena: anaona mwanga na kivuli, basi. Mimi ni yule yule. Natoka kitandani kwa mama naenda jikoni, natoka jikoni narudi kitandani kwa mama. Nikitaka safari ndefu naenda kuanika nguo.

Sasa sikiliza, na usicheke. Nimeunguza mfarishi.

Ule ule wa mama, wa viraka mia na ishirini. Upande wake wa juu ulikuwa umekwisha. Kiraka cha mwisho amekiunga mwenyewe Jumapili, kwa kupapasa, akiniuliza uzi uko wapi na mimi nikimwekea mkononi. Iliyobaki ilikuwa kuupiga pasi tu, kisha ukunjwe ukusubiri. Unajua msimamo wake: pamba na bitana havitiwi mpaka urudi, tuuzunguke sote watatu, na mshono wa kwanza uwe wako kwa kuwa mfarishi ni wako. Basi nimeweka pasi, mama akaniita anataka kugeuzwa. Nimemgeuza, nimerudi, kiraka cha kijani cha katikati kimekuwa kahawia. Ncha ya pasi imepiga muhuri pale. Nimekigusa, ni kigumu, ukikikunja kinakatika.

Mama hajui. Kila siku baada ya chai anauomba, anapitisha vidole kiraka kwa kiraka na kutaja kila kimoja kilikuwa nguo ya nani. Siku tatu hizi namwambia nimeufua, haujakauka. Siwezi kuufua mpaka mwaka uishe. Na kumwambia siwezi. Ndicho kitu cha mwisho alichokianza akiwa bado na macho yake, Kifungo, na mimi fundi mzima nimeshindwa kukipiga pasi.

Kukibadilisha si kazi. Nafumua pande zote nne, kile kilichoungua nakifanya kipimo, nakata kipya, nakirudisha kwa mkono. Tatizo ni kitambaa. Kilikuwa gauni langu la kijani lenye vitone vyeupe, lile la sare mama alilotushonea wiki ile unaondoka. Langu lilichanika kwenye waya wa kuanikia, mama akalikata kiraka kimoja, mabaki yamekwisha kwa kufutia masufuria. Madukani nimetuma watu waniulizie mpaka wamenichoka. Kimebaki chako.

Nikatie mraba wa shubiri moja, nyuma huku chini, pasipoonekana sana. Lakini usikate kwenye upindo wa ndani, huko rangi bado mbichi. Kata mahali palipopigwa jua, kifanane na wenzake. Si umeandika unalivaa kila Jumamosi mkienda sokoni? Litakuwa limefifia kama lilivyofifia langu.

La mwisho. Ulisema mwaka mmoja. Huu ni mwezi wa kumi na nane, na simu yako haipatikani. Sikulaumu, lakini wewe una bustani na Jumamosi za sokoni, mimi nina kuta nne na kengele ya mama. Kuna siku naona kama ni mimi niliyefungwa na wewe uliyefunguliwa.

Dada yako,
Mkasi

*

19 Februari

Da Mkasi wangu,

Barua yako nimeipata jana. Imenifikia ikiwa imefunguliwa, kwa sababu Mama Mlezi huzisoma kwanza. Anasema ni kwa faida yetu, habari mbaya za nyumbani zisitujie ghafla tukajidunga sindano. Hizi tunazoandika anazipitia pia, anasahihisha tulipokosea, kisha anazipeleka posta mwenyewe. Zamani tulimwita Bibi, hakupenda. Sasa sote tunamwita Mama Mlezi. Ni mtu makini sana.

Mimi ni mzima. Bado tupo watano, na cherehani ni zile sita alizozifunga Mjomba. Chumba ni kikubwa. Dirisha nalo ni kubwa, nafikiri sikuwahi kukuambia kwamba liko juu, karibu na dari, kwa hiyo mwanga tunaupata mzuri bila kuangalia nje na kupoteza kazi. Simu zetu na vitambulisho Mama Mlezi anatutunzia kwenye kabati la chuma, visipotee. Mkataba ameuongeza kidogo. Jumamosi tunakwenda sokoni kama nilivyoandika.

Kuhusu pasi nimecheka, nisamehe. Wewe uliyenichapa kwa rula kwa sababu niliacha pasi imelala dakika moja!

Kipande nimekata. Nimekishonea kwenye karatasi hii ya barua kisidondoke njiani. Nina ombi moja, Da Mkasi, na naomba unisikilize japo mara moja katika maisha yako. Kabla hujakifumua, kabla hujakifua, mpe mama akishike hivi hivi kilivyo, pamoja na karatasi yake. Najua unamficha habari za pasi. Usimfiche. Atakugombeza nusu saa, basi. Nataka aipokee kazi yangu kama alivyozipokea zamani zikitoka nyuma ya pazia, duka limejaa wateja na sisi hatupigi kelele. Yeye atajua kama nimeharibu.

Nawakumbuka sana. Nakumbuka hata harufu ya mafuta ya cherehani ya kule nyumbani, ingawa mafuta ni yale yale.

Wako,
Kifungo

*

6 Machi

Kifungo,

Kipande kimefika. Mama sikumpa. Ningempaje bila kumwambia nilichofanya? Wewe uko mbali, rahisi kwako kusema atagomba nusu saa. Mimi ndiye ninayebaki naye baada ya hiyo nusu saa.

Nimeifumua hiyo mishono nikatoa karatasi, na kwa kweli nimeona haya kwa niaba ya aliyetufundisha. Umetumia sindano ya magunia? Uzi umeukunja mara mbili, mishono mirefu ya hovyo katikati kabisa ya kitambaa, mahali ambapo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza hagusi. Pini moja pembeni ingetosha. Matundu yamebaki. Nimekifua, nimekitia wanga, nimekipiga pasi nikiwa nimesimama pale pale, maana nimejifunza, na matundu hayajazibika. Huyo Mama Mlezi wako mwenye umakini anawafundisha nini huko?

Na rangi je? Nilikuandikia kwa herufi kubwa kama za ubaoni: palipopigwa jua. Umeniletea kijani kibichi, kama kimetoka kwenye jora asubuhi hii. Nimekiweka katikati ya wenzake, kinang'aa kama jino la dhahabu. Nilidhani umekata kwenye upindo, lakini nimeangalia, hakina alama ya mkunjo. Kimetoka mbele kabisa kwenye sketi. Kitambaa hiki hakijaona jua, Kifungo. Nimeshona miaka ishirini, pamba hainidanganyi. Gauni lililovaliwa kila Jumamosi sokoni kwa mwaka mmoja na nusu haliwi hivi.

Basi hulivai. Sema tu. Una magauni mengine sasa, hili la mama unaliona la kishamba, umelikunja chini ya sanduku. Usituandikie hadithi za Jumamosi ili tujisikie vizuri. Mimi najisikia vizuri nikiambiwa ukweli.

Nimekishona hivyo hivyo. Pande nne, mishono midogo, kimekaa sawasawa hakuna kilipovuta. Jana nimempa mama mfarishi, alipapasa mistari minne akasinzia. Kwa hiyo nimepona, kwa sasa. Kama una nafasi, katikati ya hayo masoko yako, tuambie unarudi lini. Mimi mgongo unanikatika kwa kumwinua, sijatoka nje ya uwanja huu tangu mwezi wa kumi na moja, na mtu wa kubadilishana naye zamu ni mmoja tu duniani.

Mkasi

*

20 Machi

Mpendwa Dada,

Nimepokea barua yako na kuielewa. Napenda kukufahamisha kwamba niko salama na nina furaha katika makazi haya. Gauni ninalo na ninalivaa katika nafasi zinazofaa. Maswali yako kuhusu jambo hilo yamenisikitisha.

Mama Mlezi ametutendea mema mengi na si haki kumdhania vibaya. Kwa hiari yangu nimeamua kuongeza mkataba kwa muda wa miaka mitatu. Kwa kuwa kazi ni nyingi, sitaweza kuandika tena. Tafadhali usitume barua wala usiombe vitu.

Mfikishie mama salamu zangu.

Wako mtiifu,
Mdogo wako

*

29 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei, na ukipokea husikii, cherehani za watu zimekumaliza masikio. Tafadhali soma barua hii umekaa.

Ni kuhusu Kifungo. Wewe ndiye uliyempeleka kwa yule mama, ulipokwenda kumfungia cherehani sita akakuomba mshonaji hodari. Sikulaumu, siku ile mimi ndiye niliyepiga vigelegele. Lakini nakuomba urudi kule, na nitakueleza kwa nini.

Jana mama aliomba ule mfarishi wake. Kuna kiraka kimoja nilikiunguza kwa pasi, nikakibadilisha kwa siri kwa kipande alichonitumia Kifungo kutoka kwenye gauni lake. Nilikuwa chini namkata mama kucha za miguu, yeye juu anataja: "Hili shati la baba yenu. Hii sare ya shule. Hii ya Kifungo alipoanza kutembea." Akafika kwenye kile cha kijani, akarudisha vidole, akakipapasa tena.

"Hiki si changu," akasema.

"Ni kile kile, mama."

"Usinifanye mtoto. Yaliyokufa ni macho, vidole vizima. Hiki kina matundu. Nani amekitia alama?"

"Alama gani?"

"Lete kidole."

Akanishika kidole akakipitisha juu ya kitambaa, taratibu, kama alivyokuwa akitufundisha kupima upindo. Mishono miwili mirefu iliyokatana. Chini yake mitatu mifupi, imepangana. Mjomba, nikaipapasa tena mwenyewe.

Wewe hukukaa dukani kwetu kwa hiyo hujui. Mama alikuwa mbele na wateja, sisi nyuma ya pazia tunashona. Ilikuwa mwiko kupiga kelele kwamba umeharibu nguo ya mtu, mteja akisikia atakimbia na nguo yake. Kwa hiyo ukikwama, ukaona kazi imekushinda kabisa, unaitia nguo alama hiyo, mirefu miwili na mifupi mitatu, unaipeleka mbele kimya kimya kana kwamba imekwisha. Maana yake ilikuwa moja tu: nimekwama, njoo mwenyewe. Mama alikuwa anaishika, anamwambia mteja anakwenda kunywa maji, anakuja.

"Kitambaa hiki kimetoka kwa nani?" mama akauliza.

Nikamwambia yote. Pasi, barua, na kwamba Kifungo alinisihi nimpe yeye akishike kabla sijakifumua, na mimi sikumpa kwa kuogopa kugombezwa. Mama hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. Alisema tu, "Ile karatasi yake unayo?" Ninayo, barua zake zote ninazo. Nimeiinua dirishani. Matundu yale yale, yamepenya karatasi, mwanga unapita; nimekuwekea humu, pamoja na barua yake ya mwisho. Mirefu miwili. Mitatu mifupi.

Sasa ndiyo nimezisoma upya barua zake, na najiuliza nilikuwa nasoma nini siku zote. Dirisha liko karibu na dari. Simu na kitambulisho viko kwenye kabati la mwenye nyumba. Barua zinasomwa, za kwenda na za kuja. Na hilo gauni halijafifia hata kidogo, Mjomba. Mtoto yule hajatoka nje mwaka mmoja na nusu. Kitambaa kimeniambia ukweli mkononi mwangu na mimi nikakitukana kwa rangi yake.

Kibaya zaidi, nimemwandikia. Nimemwandikia wazi wazi kwamba gauni halijaona jua na kwamba Jumamosi za sokoni ni uongo, na yule mama kaisoma. Barua iliyokuja baadaye ni mwandiko wa Kifungo lakini si Kifungo. Kifungo hajasema "napenda kukufahamisha" tangu azaliwe. Sijui amefanywa nini kwa ajili ya kalamu yangu.

Unataka kujua kwa nini sikuona? Nilitaka awe na raha, ili niwe na haki ya kumkasirikia. Huo ndio ukweli wangu na nimeuandika.

Mama ameniomba viatu. Nimemwambia mama unakwenda wapi? Akasema, "Alama ile ni yangu. Aliyeitwa ni mimi." Nikamvalisha. Akajaribu kusimama, nikamdaka. Amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake vyeusi, na mpaka ninapoandika hataki kuvivua. Mimi siwezi kumwacha hata kwa siku moja, hakuna mwingine wa kumwinua. Tumebaki na wewe. Lakini usiende peke yako, na usiende kwa hasira. Akikushtukia atamhamisha mtoto, na hatutajua tena pa kuanzia.

Mpwa wako,
Mkasi

*

5 Aprili

Mpwa wangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma nimekaa, kisha nimeisoma nimesimama. Mara ya kwanza nilikasirika. Nikasema watoto wa dada yangu wana maneno, yule ni mtu wa heshima zake, alinipa chai kwenye kikombe cha kisahani, ananiita "fundi wangu".

Halafu nikakumbuka komeo. Mlango wa chumba cha kushonea una komeo upande wa nje. Nililiona, nikauliza, nikaambiwa ni kwa ajili ya wezi. Nikaitikia, nikafunga begi langu. Miaka arobaini natengeneza mashine, naambiwa komeo la nje linazuia wezi nami naitikia! Mwizi gani anatokea ndani?

Nimekwenda ofisi ya kazi. Kuna mama mmoja pale, mkaguzi, amenisikiliza mpaka mwisho na ile karatasi ya matundu uliyonitumia ameiinua dirishani mwenyewe. Amesema mimi nakuamini, mzee, lakini siwezi kumtoa mtu mzima kwenye nyumba kwa sababu ya matundu ya sindano, na barua ya mwisho inasema yumo kwa hiari yake. Anaweza kuingia kukagua. Akiingia atawauliza mmoja mmoja, na mwenye nyumba atakuwa amesimama hapo hapo. Atakayesema anataka kutoka, atatoka naye, na askari watakuwa langoni. Atakayenyamaza, au akisema yuko salama, hana la kumfanyia. Na akishaondoka, wewe mwenyewe unajua kitakachofuata.

Kwa hiyo mtoto lazima ajue mapema. Cherehani zile zimefika wakati wa kutiwa mafuta. Nitaingia Jumanne tarehe kumi na nne. Mkaguzi atakuja Alhamisi. Andika barua ndogo sana, nitaiweka ndani ya cherehani ya tatu, ile yake, chini ya bamba la sindano, kisha nitaiacha inakwaruza kidogo makusudi. Ikikwaruza atalifungua. Wenzake hawajui kulifungua, yeye nilimfundisha mimi.

Mwambie dada yangu nakwenda. Mwambie avue viatu, apumzishe miguu.

Ni mimi,
Mjomba wako

*

9 Aprili

Kifungo,

Ukiisoma, imeze au ichome. Mama amekishika. Amechelewa kwa sababu yangu, lakini amekishika, na kwenye karatasi tumeona.

Ndani ya barua hii kuna kipande cha kile kiraka nilichokiunguza. Huo mshono mmoja mrefu ulionyooka ameutia mama mwenyewe, asubuhi hii, hakutaka nimsaidie hata kutunga uzi. Unajua maana yake. Alikuwa anautia kwenye nguo anaturudishia nyuma ya pazia akiwa hawezi kuja hapo hapo: nimeona, nakuja.

Alhamisi atakuja mkaguzi, mwanamke, na askari watabaki langoni. Atakuuliza mbele ya huyo mama kama unataka kutoka. Hawezi kukusaidia ukinyamaza. Najua tulivyolelewa. Tumefundishwa kukwama kimya kimya, mteja asisikie, na wewe umekuwa hodari kunishinda. Safari hii usitie alama, mdogo wangu. Piga kelele. Piga kelele mpaka majirani watoke.

Vaa gauni. Usirudi ndani kuchukua kitu chochote.

Nisamehe. Nitakuomba msamaha vizuri ukiwa mbele yangu, hapa karatasi haitoshi. Mama amevaa viatu tangu siku alipokishika kiraka chako, siku kumi na mbili leo. Analala navyo. Mjomba kasema avue, hasikii.

Mkasi

*

17 Aprili, kwa Mjomba

Da Mkasi,

Nimetoka.

Mjomba amenipa simu nikupigie. Nimeishika, nimeiweka chini. Nikisikia sauti yako nitalia nishindwe kusema, na hii ni barua yangu ya kwanza ambayo hakuna mtu atakayeisoma kabla yako. Nataka niiandike mpaka mwisho. Makosa yaliyomo ni yangu na yatabaki. Mjomba anampa dereva wa basi la leo akukabidhi mkononi.

Jumanne cherehani ilikwaruza. Nilimsikia Mjomba akimwambia Mama Mlezi "itakaa sawa yenyewe", na Mjomba hajawahi kumwachia mtu mashine inayokwaruza. Nikasubiri wenzangu wakiwa kwenye chakula. Niliposhika kile kiraka kilichoungua nilikigusa kwanza bila kukiangalia, kama mama. Ule mshono umepinda, Da Mkasi. Mshono wa mama, umepinda. Hapo ndipo nililia, nimeziba mdomo na nguo ya mteja.

Barua sikuichoma, hatuna moto. Nimeimeza. Ulikuwa na maneno mengi.

Usijilaumu kwa ile barua yako. Au jilaumu kidogo, kisha acha. Alinihamishia stoo wiki tatu, kushona vifungo, na ile barua yangu ya mwisho aliisema yeye mimi nikaandika. Nilipofika mwisho nikakataa kuandika "Kifungo". Nikamwambia hilo jina la utani si la heshima kwenye barua. Akanisifu.

Sasa jana. Mkaguzi ameingia na daftari, mdogo wa umbo, miwani, nikakata tamaa nilipomwona. Alimuuliza wa kwanza, akasema yuko salama. Wa pili, yuko salama. Mama Mlezi amesimama pale mkono begani kwangu, mwepesi kabisa, kama mzazi. Nikaulizwa mimi. Nikafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Nakuambia ukweli, hakuna. Miezi ishirini nimezungumza kwa sauti ya kunong'ona, koo limesahau. Mkaguzi akasubiri. Akaanza kufunga kalamu yake.

Nikapiga kelele. Sijui nilianza na neno gani, wenzangu wanasema nilimwita mama. Kisha nikasema nataka kutoka, nataka kutoka, nikawa siwezi tena kunyamaza, hata mkaguzi aliponiambia basi mwanangu, nimeandika, nimeandika. Mlinzi wa lango alitokea mlangoni akavua kofia, sijui kwa nini. Wenzangu wawili wakasema na wao. Wale wawili waliosema wako salama wamebaki, na ndio ninaowafikiria tangu asubuhi. Mkaguzi ameahidi kurudi. Kabati la chuma limefunguliwa mbele ya askari na kitambulisho changu ninacho mkononi, picha yangu imenenepa kuliko mimi.

Nje, Mjomba alipokuwa akinisubiri na askari, jua liliniuma macho mpaka nikamshika koti kama mzee. Nilikuwa nimevaa gauni, na hilo tundu la shubiri nililolikata mbele kwenye sketi, watu wote wa barabarani wameliona. Nililikata mbele makusudi, nilijua utaona kipande hakina upindo. Nilijua utakasirika. Sikujua kama utafikiria.

Kile kiraka usikifumue. Mjomba ameniambia umemwandikia kwamba unataka kukianika juani wiki nzima kifanane na vingine. Kiache na rangi yake na matundu yake. Kitafifia chenyewe tukiutumia.

Jumatatu nasaini maelezo asubuhi, mchana napanda basi. Pamba na bitana viwe tayari, na sindano nyembamba, si ya magunia. Zamu ya kumwinua mama ni yangu kuanzia siku hiyo, na wewe utavaa nguo nzuri utoke, uende popote, usirudi mpaka uchoke.

Mwambie mama avue viatu. Nakuja mwenyewe.

Kifungo